Sumaku Ndani ya Leso

Nilimwambia Mbarouk: usiwaambie saa.
Gari hukaguliwa likiwa limelala,
injini baridi, chai iliyosahauliwa mezani.
Akawaambia saa.
Tulipofika Mazizini, saa tatu kasorobo,
turubai lilikwisha kukunjwa,
na nilipolishika mgongo (maana injini yake imo nyuma,
mbele ni pa kuwekea kanzu mbili na koti)
nikaukuta una joto la mtoto aliyeamshwa kwa nguvu.

Jekundu. Sikatai, zuri.
Milango miwili, kiuno chembamba,
limeinama hata paka hapiti chini yake
bila kulaza masikio.
Mbarouk alikwisha kulinunua kwa macho.
Mie nilikodiwa nisiwe na macho,
niwe na vidole.

Nikatoa sumaku ya spika mbovu
niifungayo kwenye leso isikwaruze rangi.
Mlango wa kushoto: ikanasa.
Wa kulia: ikanasa.
Ubavuni, juu ya gurudumu la nyuma,
ikateleza, ikaniangukia kiganjani
kama shahidi aliyeulizwa jina akanyamaza.
"Hapa pana puti," nikasema.
Mtoto wa marehemu akaapa
gari halijawahi kugusa hata kuku.
Sikubishana naye. Chuma hakiapi.

Nikatandika boksi la friji, nikalala chali.
Huku chini ndiko gari lisemako kweli:
chumvi imekula bomba la moshi,
boliti zimesinyaa, makonyo matupu,
na oili inatona. Tone. Kisha tone.
Si nyingi, ila haina haraka,
chini ya gari la kukimbia kilomita mia tatu kwa saa
katika kisiwa ambacho ukikanyaga sawasawa
utaikuta bahari kabla ya gia ya tano.

Kilomita zilizoandikwa: elfu kumi na tisa.
Mpira wa pedali ya breki: umelika hadi chuma.
Mmoja kati ya hawa wawili ni mwongo,
na pedali haina mdomo.

Nikainua zulia, nikalinusa. Kavu;
halikuoga mafuriko ya ng'ambo.
Nikapitisha mkono chini ya kiti cha abiria,
natafuta kutu,
nikapata risiti ya petroli iliyofutika, kokwa ya tende,
na kibanio cha nywele chenye lulu za plastiki,
na unywele mmoja mrefu, mweusi tititi.

Bi Zuwena alikaa barazani,
eda yake imekwisha juzi,
bahasha ya mirathi mapajani.
Nywele zake sizijui, wala si haki yangu kuzijua.
Lakini nyusi zake zilikuwa nyeupe.

Nikakifumbata pamoja na sumaku.
Nikasahau sumaku haina siri:
kikanasa papo hapo, kwa mlio mdogo.

"Kasoro ngapi?" akauliza Mbarouk.
Nikamhesabia: puti, oili, bomba,
saa ya kilomita iliyorudishwa nyuma,
kadi ingali kwa jina la maiti.
"Ni hizo tu?"
"Zako ni hizo."

Wakaingia ndani kuvutana bei.
Bi Zuwena akaniita nimpe ufunguo.
Hakuutazama ufunguo, alitazama ngumi yangu.
"Fundi, ulichokitoa chini ya kiti
kirudishe pale pale.
Nimelifagia gari hilo mara mbili tangu azikwe,
na mara mbili nimekiruka.
Nauza lote."

Nikarudi garini, nikapiga goti.
Kilikuwa kimeng'ang'ania; nikakibandua kwa ukucha,
nikakiweka karibu na kokwa, unywele nao.

Mbarouk alipunguziwa milioni tatu
kwa ajili ya puti na oili.
Kibanio alipewa bure.